Kumwekea mgombea sharti la makazi si kuuza kura

Kila msimu wa kampeni wagombea hupita Msasani kama wapitavyo kwingine. Huingia Bonde la Mpunga, huwapa mikono wazee barazani, huahidi maendeleo, kisha huondoka. Wapo wenzetu wanaosema wasiachwe waondoke hivi hivi. Waulizwe kwanza: nani atasimama nasi makazi yetu yatakapotakiwa kubomolewa, na nani atasema neno pale nyumba ya familia inapopigwa mnada kwa deni la benki? Wengine wanapinga. Wanasema kumwekea mgombea sharti ni kuuza kura, na kwamba Muislamu ampigie mwenye sifa, basi. Je, ni kweli?

Tuanze na kuuza kura kwenyewe. Wengi wetu tunaikumbuka takrima. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yalimruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2006 kuwa jambo hilo ni kinyume cha Katiba. Aliyepewa kanga au pilau alinufaika peke yake, na jirani yake hakupata kitu. Sharti la makazi si hivyo. Mfereji ukichimbwa, au sheria ya rehani ikirekebishwa, ananufaika hata aliyempigia mpinzani, na hata mtoto asiyepiga kura. Hapo ndipo penye tofauti.

Tena kura ni amana. Suratun-Nisaa aya ya 58 inatuamrisha kuzifikisha amana kwa wanaostahiki. Utajuaje kuwa fulani anastahiki ikiwa hukumuuliza atafanya nini?

Wapokezi wanasimulia kuwa Umar bin Khattab (r.a.) alipotaka kuupanua Msikiti wa Mtume (s.a.w.), nyumba ya Abbas (r.a.) ilikuwa njiani, na Abbas akakataa kuitoa. Khalifa hakutuma askari. Walikwenda kwa Ubayy bin Ka'b awaamue, naye akampa haki Abbas. Baada ya hapo Abbas aliitoa nyumba kwa hiari yake. Ikiwa Umar alikubali kuhojiwa juu ya nyumba moja, tena kwa ajili ya msikiti, mbunge wetu ni nani asihojiwe?

Ndugu msomaji, madhara ya kutouliza tumeyaona hapa hapa Kinondoni. Uchaguzi Mkuu ulifanyika tarehe 25 Oktoba 2015. Desemba mwaka huo huo, matingatinga yaliingia Bonde la Mkwajuni. Hoja ya Serikali haikuwa ya uongo: bonde ni la hatari, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam. Lakini Sheria ya Mazingira ya 2004, inayozuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ilikuwepo Oktoba kama ilivyokuwepo Desemba. Waliohamishwa baada ya mafuriko ya 2011 walipewa viwanja Mabwepande. Basi swali la kuwauliza wagombea Oktoba lilikuwa jepesi: tukiondolewa, tutakwenda wapi? Mwenye jibu angelitoa kabla ya kura, na asiye na jibu angejulikana.

Kwa upande wa rehani hali ni hiyo hiyo. Marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya 2004, na sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008, yaliipa benki wepesi wa kuiuza nyumba ya mdaiwa. Sheria inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, lakini ni wake wangapi wanaolijua hilo kabla dalali hajafika mlangoni? Qur'an, katika Suratul-Baqara aya ya 280, inataka mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate wepesi. Sheria hutungwa bungeni, basi mgombea ubunge aulizwe kuhusu muhula huo, na kuhusu mikopo isiyo na riba. Mgombea udiwani aulizwe kuhusu mifereji na upimaji wa viwanja.

Hata hivyo, sharti letu nalo lina mipaka. Aliyejenga juu ya mkondo wa maji akamfurikisha jirani, aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, na mwenye uwezo wa kulipa deni lakini hataki, hao wasijifiche nyuma ya kilio cha wanyonge. Tukimtaka mgombea alinde dhulma kwa kuwa ni yetu, hapo ndipo tutakuwa tumeiuza kura kweli.

Basi maswali yaulizwe hadharani, yawe yale yale kwa wagombea wa vyama vyote, na majibu yaandikwe mbele ya mashahidi. Akishinda, asomewe maneno yake kila mwaka. Mwenye kutoa amana ana wajibu wa kuifuatilia.

Wabillahi tawfiiq.