Mlango wa Kanisa na Njama ya Dom Pedro



Kila tunapoifikia amri ya tano katika mafundisho, huzuka swali hili: mtu mwenye hatia akikimbilia kanisani, je, yafaa kumfungulia? Na akiisha kufunguliwa, ana deni gani kwa nyumba iliyompokea? Sehemu ya kwanza ya swali watu huijibu upesi, kila mmoja kwa moyo wake. Sehemu ya pili husahauliwa. Kwa hiyo napenda leo tuitazame habari ya mkubwa mmoja wa zamani, Dom Pedro wa Kongo, aliyekimbilia kanisani mwaka 1545 ili aokoe maisha yake, na akiwa ndani ya kanisa lile akafanya njama ya kumpindua mfalme. Njama ile ilishindwa.

Ufalme wa Kongo ulikuwa upande wa machweo, karibu na mahali Mto Kongo uingiapo baharini. Sehemu yake moja sasa imo katika nchi yetu, na mji wake mkuu, Mbanza Kongo, umo katika Angola. Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa huko mwaka 1491, akaitwa João. Mwanawe Afonso, kwa jina la kwao Mvemba a Nzinga, alitawala zaidi ya miaka 30, akajenga makanisa na shule, akawatuma vijana ng'ambo wakasome. Mmoja wa wana wa Afonso, Henrique, aliteuliwa na Papa Leo wa kumi kuwa Askofu mwaka 1518. Mwana mwingine ndiye huyu Pedro, Nkanga a Mvemba. Tusidhani basi kwamba njama hii ilikuwa ya mtu asiyejua altare ni kitu gani. Ilikuwa ya ndugu wa Askofu.

Afonso alifariki mwishoni mwa mwaka 1542 au mwanzoni mwa 1543, na Pedro akaushika ufalme. Hakuukalia sana. Mwaka 1545 Diogo, Nkumbi a Mpudi, mjukuu wa Afonso yule yule, alimwondoa kwa nguvu. Katika nchi ile taji halikushuka toka kwa baba hadi mwana kama shamba la urithi. Wakubwa wa nchi walichagua, na mara nyingi mikuki ilikuwa imekwisha kuchagua kabla yao. Afonso mwenyewe alipata ufalme baada ya kupigana na ndugu yake. Basi Pedro, alipoona ameshindwa, alikimbilia kanisa lililokuwa mjini, akaomba hifadhi.

Tangu zamani sana watu wa Mungu wamejua desturi hii. Musa aliamuru itengwe miji sita ya makimbilio, ili aliyeua bila kukusudia asiuawe kwa kisasi kabla ya kuhukumiwa. Na katika kitabu cha kwanza cha Wafalme mnasoma habari ya Adonia, mwana wa Daudi, aliyetaka kujifanya mfalme wakati baba yake yu mzee na mgonjwa. Karamu yake ilivunjika aliposikia kwamba Solomoni amekwisha kupakwa mafuta, naye kwa hofu akaenda kushika pembe za altare. Solomoni alimwachia uhai kwa sharti moja, kwamba awe mtu mwema. Uovu ukionekana kwake, atakufa. Kanisa nalo lilishika desturi hii kwa karne nyingi. Hata sheria zake za mwaka 1917, katika kanuni ya 1179, zilikataza mkimbizi asitolewe kanisani bila ruhusa ya Askofu au ya msimamizi wa kanisa, isipokuwa kwa haja kubwa. Sheria za mwaka 1983 hazikuirudia kanuni ile, lakini amri ya kumhurumia anayekimbia kifo haikuondolewa na mtu yeyote, wala haiwezi kuondolewa.

Sasa fikirini hali ya Diogo. Adui yake hakuwa ng'ambo ya mto wala msituni. Alikuwa katika mji ule ule, pengine akisikia ngoma za barazani kwa mfalme. Askari Diogo alikuwa nao, na mlango wa kanisa ni mbao tu. Washauri wenye kunong'ona, "Mfalme, leo usiku tu, kesho itakuwa imekwisha," hawakosekani katika nyumba ya mfalme yeyote. Hata hivyo miaka ilipita, mmoja, wa pili, hata wa tano, na Pedro alikuwa bado mle kanisani, hai. Nami sisemi kwamba Diogo alikuwa mtakatifu. Ufalme aliutwaa kwa nguvu, na mapadri wa Shirika la Yezu waliofika kwake mwaka 1548 waligombana naye hata wakaondoka mwaka 1555. Lakini kwa mlango ule alijizuia. Kuna watu wenye sifa nzuri kuliko yake wasioweza kujizuia hata kwa uzio wa jirani.

Na Pedro je? Alipumzika siku zile za kwanza, hofu ikapungua, ndipo mawazo ya kiti cha enzi yakamrudia. Yafaa tuelewe kwa nini hakuwa peke yake. Mfalme wa Kongo alikuwa na uwezo wa kuwapa ndugu na rafiki zake majimbo wayatawale, na pia wa kuwanyang'anya. Mfalme akianguka, watu wake waliegemea mti uliokwisha kukatwa, nao huanguka pamoja naye. Kwa hiyo nje ya kanisa lile walikuwako wakubwa waliopoteza vyeo vyao, wenye uchungu, waliotamani siku za Pedro zirudi. Neno liliingia kanisani, neno likatoka. Huyu aliulizwa kama yu tayari, yule akaahidiwa. Mahali palipofanywa pa kusali pakawa baraza ya siri.

Siri ya watu wengi haikai. Mwaka 1550 Diogo alipata habari, akafungua uchunguzi. Mashahidi waliitwa, maneno yao yakaandikwa kwa Kireno, na maandiko yale yamehifadhiwa Lisbon mpaka leo, hata wenye kuchunguza mambo ya kale hujifunza humo jinsi ufalme ule ulivyoendeshwa. Dom Pedro hakurudi tena kwenye kiti. Diogo alitawala mpaka alipofariki mwaka 1561.

Wengine watasema: lakini Pedro alidhulumiwa! Ufalme ulikuwa wake, naye alikuwa akidai haki yake tu. Naam, inawezekana alidhulumiwa, nami sitaki kumtetea Diogo kwa jambo la mwaka 1545. Lakini tulipange shauri hili vizuri. Haki ya mtu ni jambo moja, na njia anayoitumia ni jambo lingine. Mkristu aliyedhulumiwa ana ruhusa ya kulia, ya kushtaki, ya kwenda kwa wazee na kwa hakimu. Pedro alifanya kitu kingine. Alichukua huruma aliyopewa akaigeuza kuwa maficho ya mwindaji. Yule aliyekuwa akimwinda alizuiwa na mlango. Yeye mwenyewe hakuzuiwa na kitu, na kutoka ndani ya mlango ule ule alimwinda mwenzake. Kumwondoa mfalme wa siku zile, ndugu zangu, halikuwa jambo la kupiga kura. Damu ilimwagika karibu kila mara.

Watoto wa darasa langu wanalifahamu jambo hili kuliko watu wazima wengi. Wakati wa mapumziko hucheza mchezo wa kufukuzana, na mti wa mwembe ulio uani ndio nyumbani: anayeushika hakamatwi. Lakini yuko mtoto ambaye huushika mti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huwatupia wenzake vijiwe. Hapo wote hupiga kelele, hata wale wa upande wake. Hakuna aliyewafundisha sheria hiyo.

Wala msidhani kwamba ubaya huu ni wa Kongo peke yake. Katika miaka ile ile ambayo watu wa Ulaya huisifu kwa elimu mpya na picha nzuri, wakubwa wa mji wa Firenze, katika Italia, walifanya vibaya zaidi. Siku ya Dominika, tarehe 26 Aprili 1478, Francesco de' Pazzi na wenzake walimwua Giuliano de' Medici ndani ya kanisa kuu, katika Misa. Ndugu yake Lorenzo alijeruhiwa shingoni, akakimbilia sakristia, wenzake wakafunga milango, akapona. Njama ikashindwa, na waliokuwa wameipanga wakanyongwa, hata Askofu mkuu wa Pisa aliyekuwa mmoja wao. Lakini katika habari ile chafu yumo askari mmoja, Giovanni Battista da Montesecco. Huyu alikuwa amekubali kumwua Lorenzo mahali pengine. Alipoambiwa kwamba kazi itafanyika kanisani, alikataa. Mahali pake walichukuliwa mapadri wawili. Askari wa kulipwa aliiogopa nyumba ya Mungu, na wale walioizoea kila siku hawakuiogopa. Sisi tunaofagia sakristia, tunaowasha mishumaa na kushika funguo, tuisome habari hii mara mbili.

Baba yake Pedro naye aliyajua mambo haya kwa mwili wake. Karibu na mwaka 1540, siku ya Pasaka, Wareno wanane walijaribu kumwua mfalme Afonso alipokuwa katika Misa. Risasi ilipita katika pindo la vazi lake. Mkubwa mmoja wa Kongo aliuawa, na wengine wawili wakajeruhiwa. Haikupita hata miaka kumi toka siku ile, na mwana wa Afonso alikuwa amekaa kanisani akipanga kuanguka kwa mfalme mwingine. Nikifikiri juu yake, jambo hili hunihuzunisha kuliko yote. Mtu aliyeona baba yake akipigwa risasi mbele ya altare, au aliyesikia habari hiyo nyumbani kwao, angepaswa kuwa wa kwanza kuilinda.

Nasi wa Likasi tusiyasikilize haya kama hadithi ya mbali. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa nyumbani mwao katika mji huu, na maelfu yao walilala kwenye stesheni ya gari la moshi, wakingoja safari, na watoto, na wagonjwa, mvua ikiwanyeshea. Wengi walikufa. Wazee wetu walioyaona wangali hai, na wengine wao wasemapo huinamisha kichwa. Katika siku zile yule aliyefungua mlango wake usiku, akampokea jirani aliyekuwa akitafutwa, alihatarisha nyumba yake na wanawe. Hakuuliza kwanza kama mgeni wake ni mwema. Basi asije mtu akanijibu kwamba, kwa kuwa Pedro aliutumia vibaya mlango wa kanisa, heri milango ifungwe. Kwa ajili ya Pedro mmoja tungewaacha wangapi mvuani?

Lakini neno hili lina upande wa pili, nalo ni la aliyepokelewa. Adonia, baada ya kuachiwa uhai, hakutulia. Alianza tena, kwa njia ya kuomba mke aliyekuwa wa nyumba ya mfalme, na Solomoni akaona mara moja nia yake, akamwua. Hata Torati ilisema kwamba mwenye kuua mwenzake kwa hila altare haitamfaa kitu. Anayeingia katika nyumba ya Mungu ili apone, anaingia chini ya sheria ya nyumba hiyo. Huwezi kuomba huruma kwa magoti yako na kuipanga damu kwa ulimi wako katika saa ile ile.

Ninyi viongozi wa jumuiya na walinzi wa makanisa yetu madogo, kazi hii ni yenu hasa, maana Padri huja kwenu mara chache, na ufunguo uko mkononi mwenu. Njama za leo hazihitaji wajumbe wa usiku. Simu moja yatosha. Na wako watu wapendao sana kukutana kanisani baada ya sala, mlango umerudishwa nusu, kuzungumza juu ya cheo cha mtu au kabila la mtu. Hao waondoeni kwa upole, lakini waondoke. Mkimbizi akija, hata kama ni usiku, hata kama jina lake mnalichukia, mfungulieni. Mpeni maji na mkeka. Mwambieni kwamba humu ndani hakuna atakayemgusa, naye pia hatamgusa mtu, wala kwa mkono wala kwa neno. Akiwa na panga, alikabidhi mlangoni. Na simu yake pia, mpaka mjue anayemtafuta ni nani. Kisha mtumeni kijana mwenye mbio akamwite Padri.