Ukipenda, Chongo Utaita Kengeza



Ndugu zangu katika imani, katika darasa zetu za baada ya Magharibi huulizwa sana kuhusu Dajjal: je, lile jicho juu ya piramidi, lililomo katika noti ya dola moja ya Marekani tangu 1935, ni alama yake? Nami huuliza: tukishalijibu hilo, tutakuwa tumejikinga naye?

Mtume (s.a.w.) alitueleza waziwazi. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba kila nabii aliuonya umma wake juu ya mwongo huyo. Kwamba ana chongo, ilhali Mola wetu hana chongo. Na kwamba kati ya macho yake pameandikwa kafiri. Katika riwaya ya Muslim, kila muumini atayasoma maandishi hayo, ajuaye kusoma na asiyejua.

Basi dalili iko usoni, haikufichwa. Kwa nini watu watamfuata? Kwa sababu atawajia na mvua, mazao na hazina za ardhi, navyo wanavipenda. Wahenga walisema: ukipenda, chongo utaita kengeza.

Ulemavu si aibu. Abdullah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, naye alimwadhinia Mtume (s.a.w.). Aibu ni kudai uungu na huku jicho lako mwenyewe huwezi kulitengeneza.

Maradhi hayo ya kubadili majina tunayo leo. Kuibia mtihani twakuita kusaidiana. Rushwa twaiita chai. Zinaa twaiita urafiki. Wala shahada haitatuponya, kwani maandishi yale hayasomwi kwa elimu ya darasani. Yanasomwa kwa imani.

Tufanye nini? Tuhifadhi aya 10 za mwanzo za Suratul-Kahf, kinga aliyotutajia Mtume (s.a.w.). Mwisho wa tahiyatu, kabla ya kutoa salamu, tusiache kujikinga kwa Allah na adhabu ya Jahannamu, adhabu ya kaburi, fitina ya uhai na mauti, na fitina ya Masihi Dajjal. Kisha kila jambo tuliite kwa jina lake, tukianzia na mitihani ya muhula huu.

Ewe Mola, usiyajaalie tunayoyapenda yakawa pazia machoni mwetu. Amin.