Mwenye Shamba Alitoka Mwenyewe

Katika Injili ya Mateo, sura ya 20, Bwana wetu asimulia mfano wa mwenye shamba la mizabibu. Mtu huyu alikuwa na msimamizi, angeweza kumtuma. Lakini alitoka mwenyewe kutafuta vibarua: alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, hata saa kumi na moja. Wale wa mwisho aliwauliza kwa nini wamesimama bure, akasikiliza jibu lao. Jioni akawalipa dinari nzima, maana tumbo la mtoto halijui baba yake ameanza kazi saa ngapi.

Mfano huu una maana kubwa leo katika Kolwezi na Lualaba yote. Shaba ya nchi hii huingia katika nyaya za dunia, na kobalti yake katika betri. Sasa zimekuja mashine zenye akili mnemba, yaani zinazofundishwa kupanga kazi, kukadiria na kuchagua. Huko Chile, katika mgodi wa shaba uitwao Gabriela Mistral, malori yasiyo na dereva yalianza kubeba mawe mwaka 2008. Basi mchimbaji wa Kolwezi ana haki ya kuuliza: siku hiyo ikifika huku, nani atasema naye?

Swali hili si geni. Miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Mashine haikuwa na hatia. Kampuni ilikuwa imeanguka, na mishahara ya miezi mingi haijalipwa. Lakini zamani kazi ile ilileta nyumbani unga, shule na hospitali. Karatasi ilihesabu mtu mmoja. Kumbe nyumba nzima ndiyo iliyoacha kazi.

Je, Kanisa lakataza mashine? Hasha! Mashine ikiingia shimoni mahali mwamba unapoweza kuanguka, na mtu akapona, hilo ni jema. Lakini mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Laborem Exercens, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Na mwaka 2025 Papa Leo XIV alieleza kwamba alichagua jina lake kwa kumkumbuka Leo XIII, aliyewatetea wafanyakazi mwaka 1891, kwa kuwa akili mnemba yaleta tena maswali ya haki na heshima ya kazi.

Basi mashine ihesabu saa, tani na mafuta. Jina la mtu lisifutwe nayo peke yake. Mkubwa atoke ofisini, aulize, asikilize, ndipo aamue. Naye amweleze mtu huyo sababu uso kwa uso. Mashine haitasimama mbele ya Mungu kutoa hesabu, mkubwa atasimama.

Azimio: Kila mwenye watu chini yake, awe mkurugenzi au kapita wa watu watano, juma hili amtafute mmoja anayemjua kwa namba tu, amwulize jina lake, na nyumbani kwake wanakula wangapi.