Mtu Akivaa Barakoa

Wako watu wasemao kwamba ukitaka kumjua mtu hasa alivyo, mfunike uso, kisha umtazame atakavyotenda. Wengine husema sivyo. Mtu halisi ni yule tumwonaye kila siku, uso wazi, mbele ya jamaa zake na jirani zake. Ni nani asemaye kweli? Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Latuhusu sisi sote, na hasa tunapoikaribia Kwaresima.

Katika nchi ya Italia uko mji wa kale wa pwani uitwao Venice, uliojengwa juu ya visiwa vidogo 118. Ndani yake hamna barabara za magari. Watu hutembea kwa miguu, wakivuka madaraja zaidi ya 400, au husafiri kwa mashua. Kila mwaka, wakati wa baridi, hufanyika huko sikukuu ya siku nyingi iitwayo Kanivali, nayo humalizika siku ya Jumanne, kesho yake ikiwa Jumatano ya Majivu. Sisi tulipata nafasi ya kuitembelea. Tuliona uwanja wa Mtakatifu Marko umejaa watu waliovaa majoho marefu na barakoa nyeupe, hata usijue yupi mzee na yupi kijana, yupi tajiri na yupi maskini.

Desturi hiyo ni ya zamani sana. Mwaka 1436 mafundi wa barakoa walikuwa tayari na chama chao chenye kanuni zake. Barakoa moja, iitwayo bauta, ilichongoka mbele chini ya pua, hivi kwamba mtu aliweza kula na kunywa bila kuivua, na sauti yake ikabadilika asitambuliwe. Kanivali ilififia baada ya jamhuri ya mji huo kuanguka mwaka 1797, ikafufuliwa mwaka 1979.

Tukitazama historia hiyo twaona kwamba barakoa ilileta mambo mawili. Kwanza, iliondoa upendeleo. Aliyeivaa alisalimiwa kwa jina moja tu, "Bibi Barakoa", awe mwanamume au mwanamke, bwana au mtumishi. Hilo ni jema, maana Mungu naye hapendelei watu. Pili, iliondoa haya. Mwaka 1638 serikali ilifungua nyumba ya kuchezea kamari. Wachezaji waliingia wamefunika nyuso, lakini mabwana walioendesha meza walikaa uso wazi. Wengi walipoteza mali za baba zao pale, mpaka nyumba ikafungwa mwaka 1774.

Basi, je, yule mcheza kamari alikuwa ndiye mtu halisi, na yule baba mwenye heshima wa mchana alikuwa mwongo? Sisi hatuoni hivyo. Kwa miaka mingi tulifundisha darasani, na kila mwalimu ajua jambo hili: mtoto mgeni hutulia kwa sababu jicho la mwalimu liko juu yake. Utulivu ule si unafiki. Ni mwanzo wa kujifunza. Siku moja mwalimu hutoka nje, na mtoto huyo huendelea na hesabu zake, kwa kuwa kilichokuwa cha mwalimu sasa kimekuwa chake. Mwingine huruka juu ya dawati mara moja. Huyo hakuwa mwongo alipotulia, ila somo lilikuwa halijamwingia. Haya ni mlezi wetu, lakini mlezi hakai na mtoto milele.

Tena, si lazima kuvaa kitu usoni ili usijulikane. Msafiri katika mji wa ugenini amekwisha kuvaa barakoa, kwa kuwa hakuna amjuaye. Huko Venice taka hukusanywa kwa mikokoteni ya kusukumwa kwa mikono, kisha hupakiwa mashuani. Mgeni akitupa karatasi chini wakati wa sikukuu, haoni haya, maana jioni ataondoka. Lakini yupo mtu atakayeiokota kesho asubuhi katika baridi. Kijana wetu aendaye mjini kutafuta kazi naye amo katika mtihani huo huo. Asijidanganye kwamba kwa kuwa yeye hajulikani, basi na wale anaowatendea si watu.

Neno la Kiyunani ambalo katika Injili limetafsiriwa "mnafiki" lilikuwa jina la mwigizaji wa michezo, na waigizaji wa Kiyunani walivaa barakoa. Kwa hiyo Bwana wetu alipowaonya wale wafungao kwa kukunja nyuso zao ili watu wawaone, alikuwa akisema habari za barakoa isiyo ya karatasi wala ya ngozi. Hiyo huweza kuvaliwa hata kanisani.

Ndugu wapendwa, Kanivali ya Jumanne hufuatwa na majivu ya Jumatano, ambayo hupakwa juu ya paji la uso ulio wazi. Katika siku hizi 40 tusijiulize tu, "Watu wananionaje?" Tujiulize pia, "Ningefanya nini leo kama hakuna hata mmoja angejua kuwa ni mimi?" Majibu ya maswali hayo mawili yakikaribiana mwaka hata mwaka, ndipo tutakapojua kwamba somo limeanza kutuingia.