Jirani Asiyejua Mpaka

Msomaji, yamkini hujapata kumwona biva, wala hutamwona katika mto wowote wa Afrika. Makao yake ni Marekani ya Kaskazini, Ulaya na sehemu za Asia. Ni wa jamii ya panya, lakini ni panya wa ajabu, maana akikomaa huweza kufika uzito wa kilo 20, na wengine kilo 30. Mkia wake ni bapa kama kafi, manyoya yake ni mazito, na meno yake ya mbele, yenye rangi ya chungwa kwa sababu ya madini ya chuma yaliyomo, hayaachi kukua maisha yake yote. Kwa meno hayo huangusha miti. Na kwa miti, matope na mawe huziba kijito mpaka maji yatuame na kuwa bwawa. Nimemchagua awe mada ya insha hii kwa sababu ameleta katika nyua za watu wa huko swali gumu la maadili. Jirani asiye na lugha anapoujaza ua wa mtu maji, mwenye ua ana haki ya kufanya nini?

Fikiri kwanza hali yenyewe. Mtu amenunua kiwanja kando ya kijito kwa akiba ya miaka mingi. Nyuma ya nyumba ana bustani ya mboga, miti michache ya matofaa, kisima, na shimo la maji machafu. Siku moja aona vijiti vimelala mtoni, asijali. Baada ya majuma machache kijito kimekuwa ziwa dogo. Maji yameingia bustanini. Mizizi ya matofaa yaoza. Shimo la maji machafu limejaa na kuanza kurudisha uchafu. Keshokutwa unyevu utafika kwenye msingi wa nyumba. Anaubomoa ule ukuta wa vijiti mchana kutwa, mpaka mikono yatoka malengelenge, na akiamka asubuhi aukuta umeanza kusimama tena. Watu wengi katika hali hiyo hutwaa bunduki, wala si vyema sisi tulio mbali kuwaita wakatili. Msomaji wa Taita au wa Laikipia, ambaye nyumbani kwao tembo wamepata kulimaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja, hahitaji kuelezwa hasira ya mtu huyo.

Kisha fikiri upande wa pili. Biva hajengi kwa choyo wala kwa inda. Nchi kavu ni mzito na mwepesi wa kukamatwa. Mbwa mwitu na dubu ni adui zake. Salama yake imo majini. Maji yakiwa na kina, mlango wa nyumba yake ya vijiti hukaa chini ya maji, adui asiufikie; na wakati wa baridi kali, uso wa bwawa unapoganda kuwa barafu, yeye huogelea chini yake kwenda kula matawi aliyoyaweka akiba. Ndani ya nyumba hiyo huishi baba, mama, watoto wa mwaka huu na wale wa mwaka uliopita. Wakitimiza umri wa miaka 2 hivi, vijana huondoka kutafuta kijito chao wenyewe. Mtafiti wa Uswidi, Lars Wilsson, aliwalea biva wadogo ambao hawakupata kuwaona wazazi wao wakijenga. Hata hivyo walijenga. Akaona kwamba sauti ya maji yanayotiririka ndiyo inayowaamsha kazini: hata sauti iliyotoka katika kinasasauti iliwafanya warundike vijiti mahali pasipo na maji yoyote ya kuzuia.

Basi mnyama husikia maji yakitoroka, naye huyazuia. Hajui hati ya shamba wala jiwe la mpaka. Neno kosa haliwezi kumshika, kwa kuwa kosa lahitaji mkosaji aliyeweza kutenda vingine.

Hata wakuu huweza kusahau jambo hili. Mnamo Desemba 1997, katika jimbo la Michigan, ofisi moja ya mazingira ilimwandikia mkazi mmoja barua kali, ikimshutumu kwa kuta mbili za mabaki ya miti zilizojengwa kijitoni bila kibali, na kumwamuru aziondoe kabla ya Januari 1998 kumalizika. Mwenye shamba akajibu kwa dhihaka kwamba wajenzi walikuwa biva, ambao yeye hakuwalipa wala kuwatuma. Tena akaomba aonyeshwe vibali ambavyo biva wengine wa jimbo hilo walipata kupewa. Shauri likafungwa. Watu walicheka sana, nami nilicheka niliposoma habari hiyo. Walakini chini ya kicheko pana jambo zito. Tukisha kukubali kwamba biva hana hatia, mzigo wote wa haki humwangukia binadamu peke yake. Hapa hakuna wawili wa kupatanishwa. Yupo mmoja tu awezaye kuahidi, kujizuia na kuchagua, na huyo ndiye mshtaki, ndiye hakimu, na ndiye mwenye bunduki. Mtu aliyeshika vyeo vitatu kwa mpigo hana budi kujichunga.

Wako wasemao kwamba biva ndiye mwenyeji, na mwenye nyumba ndiye mgeni. Hoja yao ina ushahidi mwingi. Kwa karne kadhaa manyoya ya biva yalikuwa mali kubwa, maana yalitengeneza kofia zilizopendwa na matajiri wa Ulaya. Kampuni ya Hudson's Bay, iliyoanzishwa mwaka 1670, ilistawi kwa biashara hiyo. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, biva waliosalia Ulaya na Asia pamoja walikadiriwa kuwa kama 1,200 tu, na katika Uingereza walikuwa wametoweka tangu zamani. Tena tambarare nyingi za udongo mzuri kando ya vijito vya Marekani ni matope yaliyotuama katika mabwawa ya biva wa kale. Aliyejenga hapo huenda amejenga juu ya sakafu ya bwawa. Hoja hii ni nzuri, lakini siikubali imalize shauri. Mnunuzi wa leo hakuivaa kofia ile. Na kama kila kiwanja kingerudishwa kwa aliyetangulia, sijui ni nani, binadamu au mnyama, angebaki na mahali pa kulala. Hoja hiyo yafaa kumpunguzia mtu kiburi, haifai kumtoa nyumbani kwake.

Huruma nayo ina hila zake. Mwaka 1996 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts walipitisha sheria ya kukataza mitego ya chuma inayobana viungo au mwili wa mnyama. Nia yao ilikuwa njema, kwa kuwa mitego hiyo yatesa. Walakini wengi wa waliopiga kura walikaa mijini, ambako hakuna biva aingiaye uani. Biva wakaongezeka, na malalamiko ya visima, barabara na mashimo ya maji machafu yakaongezeka, hata mwaka 2000 sheria ikarekebishwa, halmashauri za afya zikaruhusiwa kutoa vibali vya dharura. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayetaka mnyama aachwe hai katika ua wa mwingine, na achangie gharama ya kumweka hai. Bila mchango huo, huruma yake ni amri tu anayompa jirani.

Wengine husema, mnyama asiuawe, ahamishwe. Neno hili lapendeza sikio. Mwaka 1948, katika jimbo la Idaho, biva waliokuwa wakisumbua mashamba na mifereji ya watu walitiwa katika masanduku ya mbao, wakapandishwa ndege, wakaangushwa kwa miavuli katika msitu usio na barabara. Masanduku yalitengenezwa yafunguke yenyewe yakigusa ardhi. Walikuwa biva 76, na mmoja tu alikufa, baada ya kutoka sandukuni angali hewani. Hiyo ilikuwa kazi ya watu waliopima kila kitu, maana hapo kwanza walikuwa wamewasafirisha kwa farasi na nyumbu, na wengi walikufa kwa joto njiani. Mtu wa kawaida hapimi hivyo. Humnasa biva, humpeleka mto wa mbali, humwachilia, hurudi na dhamiri nyeupe. Hajui kama mto ule una biva wengine watakaomshambulia mgeni, wala kama majira yaliyosalia yatamtosha kuweka akiba kabla ya barafu. Tena kijito alichokitwaa biva wa kwanza kitampendeza na wa pili. Naogopa kwamba uhamishaji wa namna hii wamfariji mwenye ua kuliko unavyomwokoa mnyama.

Usidhani kwamba nakataa kuua kabisa. Mwaka 1946 serikali ya Argentina ilipeleka biva wachache kutoka Canada katika kisiwa cha Tierra del Fuego, kwa tamaa ya biashara ya manyoya. Huko hapana dubu wala mbwa mwitu, na miti ya asili ya huko haichipui upesi ikisha kukatwa kama ichipuavyo mierebi ya Canada. Biva wakazaana kwa maelfu juu ya maelfu, na misitu mizima ya kando ya mito ikafa imesimama. Naona wenye nchi wana haki ya kuwaondoa, hata kwa kuua, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kuokoa msitu. Lakini lisiitwe adhabu. Aliyekosa alishuka na masanduku mwaka ule, akaondoka zake.

Narudi sasa kwa yule mtu wetu wa kijitoni, ambaye hali yake ni ya watu wengi zaidi. Yeye ana njia nyingine. Bomba refu hupitishwa ndani ya ukuta wa biva. Mdomo wake wa juu hupelekwa mbali ndani ya bwawa, chini ya maji, na kuzungushiwa kizimba cha waya. Maji hutoka kimya, mnyama hasikii mahali yanapotorokea, wala hajui aweke wapi kijiti. Bwawa hubaki, ila halizidi kimo cha bomba. Miti nayo huvikwa waya shinani. Katika mji wa Martinez, California, biva walijenga katikati ya mji mwaka 2007, na baraza likafikiri kuwaondoa kwa kuogopa mafuriko. Wenyeji wakapinga kwa kelele nyingi. Mwaka 2008 fundi Skip Lisle akaweka bomba la namna hiyo, maji yakashuka, biva wakakaa.

Sasa waweza kuuliza: yampasa mtu atoe kiasi gani? Jibu langu ni hili. Hapaswi kutoa kisima chake, wala shimo la maji machafu, wala msingi wa nyumba. Mambo hayo yakiwa hatarini na bomba likashindwa, na atumie mtego bila kuona haya. Lakini yampasa ajaribu bomba kwanza, na yampasa avumilie kupoteza ile pembe ya chini ya ua, penye nyasi ambazo hata yeye hukaliaga mara moja kwa mwaka. Na yampasa jambo moja zaidi ambalo wauzaji wa mabomba hawapendi kulitaja: majani na matope huziba kile kizimba, kwa hiyo mara kwa mara, mvua ikisha kupita, itambidi avae viatu vya mpira, aingie majini hadi magotini, akisafishe kwa mikono yake.