Kina na Lafudhi: Suala la Haki katika Utunzi wa Limeriki

Limeriki ni utungo wa kichekesho wa mishororo mitano wenye mpangilio wa vina aabba. Ulipata umaarufu Uingereza kwa kitabu cha Edward Lear cha mwaka 1846, na aghalabu mshororo wa kwanza huishia kwa jina la mahali. Umbo hili likiletwa Muthurwa, mtaa waliojengewa wafanyakazi wa reli jijini Nairobi, huzua swali ambalo arudhi pekee haiwezi kulijibu: je, kina ni mali ya kamusi au ya kinywa?

Uchukuliwe mfano huu wa kubuni:

Fundi mmoja wa Muthurwa
Hapendi usingizini kukerwa;
Garimoshi likipita,
Kwa hasira huita:
"Apigaye honi ni Doto au Kulwa?"

Kwa sikio la Kiswahili Sanifu, "Kulwa" limekiuka kina. Lakini Kikuyu hakina sauti /l/. Hivyo, katika lafudhi ya wasemaji wake wengi, /l/ na /r/ hukutana na utungo ukakamilika. Jirani Mjaluo, ambaye lugha yake hutenga sauti hizo mbili, atakiona kina hicho kibovu. Ila yeye naye, kwa kuwa Dholuo haina sauti ya "sh", huenda akalinganisha "kosa" na "kosha" pasi na wasiwasi.

Yamkini mhakiki atadai kwamba kanuni ni kanuni. Hata hivyo, kanuni hiyo ina historia. Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, lakini mshairi wa Kimvita angali analinganisha "mato" (macho) na "moto", na Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla inaheshimiwa kwa lahaja hiyo hiyo. Huko Uingereza, jarida la Blackwood's lilizikejeli beti za Keats mwaka 1818 kwa vina vya Cockney. Kejeli hiyo haikumwondolea Keats hadhi yake.

Itajibiwa kwamba Kimvita ni lahaja ya wazawa, ilhali lafudhi ya Muthurwa ni athari ya lugha ya kwanza. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini inaeleza asili ya sauti tu. Haithibitishi kwamba sauti hiyo haina utaratibu. Kinachotenga kina cha lafudhi na uzembe ni utaratibu huo, pamoja na hadhira inayousikia.

Hapa ndipo suala la maadili linapojitokeza. Limeriki hiyo hiyo ikitungwa na mwenye lafudhi, kina chake ni ukarimu kwa wenzake. Ikitungwa na mwingine ili kuwaigiza, kina kinageuka kuwa dhihaka ya kikabila, ingawa hakuna herufi iliyobadilika. Kwa hiyo, kabla ya kusahihisha kina, hapana budi mhakiki aulize kinasemwa kwa kinywa cha nani, na ni nani anayechekwa.