Usiufiche Ushahidi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. 

Ijumaa hii nakukumbusha kesi unayoijua. Tarehe 1 Juni 2010, Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za raia, aliitwa kwenye makao makuu ya polisi Kinshasa. Alikwenda na dereva wake, Fidèle Bazana. Kesho yake Chebeya alikutwa maiti ndani ya gari lake, pembeni ya mji. Mle garini palikuwa pamewekwa vitu vya aibu, ili watu waamini kwamba amefia katika zinaa. Angalia sana hapo, ndugu yangu. Waliomuua waliona haitoshi, wakamsingizia. Suratun-Nur, aya ya 4, inataka mashahidi wanne kwa anayemtuhumu mwenzake zinaa. Huyu alituhumiwa na vitu visivyo na ulimi, na wengi wakaipokea habari ile mabarazani bila kuuliza aliyeona ni nani. Usiniambie alikuwa wa dini nyingine. Heshima ya maiti ni heshima ya maiti.

Hukumu ilitoka 2011, na ya rufaa 2015. Lakini wako waliokuwepo usiku ule wakanyamaza. Mwaka 2021 ndipo polisi wawili waliokimbilia nje ya nchi waliposema redioni kwamba walikuwa katika kikosi kile. Kesi ikafunguliwa tena, na Mei 2022 Mahakama Kuu ya Kijeshi ikamhukumu ofisa mmoja kifo, na mwingine miaka 12. Kusema kwao hakukuosha mikono yao. Ila Suratun-Nisaa, aya ya 135, inatuamuru kushuhudia hata dhidi ya nafsi zetu, na hilo ni zito kuliko kumshuhudia jirani.

Na Bazana? Hadi hukumu ile mwili wake haukuwa umepatikana. Miaka 12 mjane hakuwa na kaburi la kuzuru, na kuna mtu anajua alipofukiwa.

Suratul-Baqara, aya ya 283, inapokataza kuficha ushahidi, dhambi inawekwa moyoni mwa mfichaji. Ulimi wake haukufanya kitu. Na aya iliyo mbele yake, ya 282, inakataza shahidi kudhuriwa. Kwa hiyo wewe unayemtisha shahidi nawe umo.

Hapa mtaani mtu anapigwa hadi kufa mchana, na jioni kila mmoja anasema alikuwa amelala. Kama uliona, na unaogopa kwenda peke yako, nitafute baada ya swala ya alasiri. Tutakwenda nawe parke, wazee wawili na mimi. Jina lako halitatajwa mimbarini.

Wabillahi tawfiq.